Kuwasha Gari kwa Mbali: Uhakiki wa Istilahi za Kifaa Kimoja

Miongoni mwa vifaa vya magari viuzwavyo siku hizi pamoja na ving'ora, kimo kimoja kimwezeshacho mwenye gari kuiwasha injini akiwa nje, kwa kubonyeza kitufe cha rimoti. Katika nchi za baridi kifaa hiki hutumika kuipasha injini moto na kuyeyusha barafu kiooni kabla mwenye gari hajatoka nyumbani kwake. Huku kwetu pwani ya kusini kazi yake ni kinyume: kukipa kiyoyozi nafasi ya kupoza ndani ya gari lililoshinda juani. Kifaa chenyewe kilikusudiwa zaidi kwa magari ya otomatiki, yaani yale yanayojibadilishia gia. Makala haya yanahusu yatokeayo kinapofungwa katika gari la gia za mkono, ambalo madereva huliita la manyuali, na hasa maneno ya Kiswahili ambayo kwayo mtu wa Rutamba, mkoani Lindi, ataelezwa namna ya kukifunga na kukitumia bila ya kumdhuru mwenziwe. Hoja yetu ni kwamba wanaistilahi wetu wamejishughulisha mno na majina ya vitu, wakazisahau hali. Katika kifaa hiki hatari haimo katika kitu. Imo katika hali.

Rutamba tumeichagua kwa sababu. Kata hiyo iko ndani, bara ya mji wa Lindi, njia ya kuelekea uwanda wa juu wa Rondo. Katikati ya miaka ya 1960 ilijulikana kwa makazi ya wakimbizi waliovuka kutoka Msumbiji. Leo, kama sehemu nyingine za mkoa, ni nchi ya korosho na ufuta. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na foleni ya kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji kwisha, magari madogo yaliyotumika Japani yameingia kusini kwa wingi, na mengi yao ni ya otomatiki. Lakini gari la kubeba magunia, liwe lori au pikapu, bado aghalabu ni la manyuali. Basi fundi wa Rutamba huyapokea magari ya aina zote mbili chini ya mwembe mmoja, na kisanduku cha king'ora kilichoandikiwa aina moja aweza kuletewa akifunge katika aina nyingine. Karatasi iliyomo kisandukuni kwa kawaida haikuandikwa kwa Kiswahili. Mtu fulani atamfasiria: mwalimu wa sekondari, karani wa kata, au kijana mwenye simu. Wasomaji wa jarida hili ndio watu hao.

Yafaa kwanza tueleze tofauti ya magari haya, kwani pasipo kuielewa hata mfasiri hodari atapotea. Gari la otomatiki lina mahali maalumu pa kuegeshea palipoandikwa herufi P. Fimbo ya gia isipokuwa hapo au penye N, stata haipigi. Gari lenyewe linajua liko katika hali gani. Gari la manyuali, hasa la zamani, halijui. Likiachwa na gia ya kwanza, na umeme ukafika kwenye stata, stata yenyewe italisogeza gari hata kabla injini haijashika. Na injini ikishika, gari litaondoka bila ya dereva, huku milango imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka hapo. Anayekuwa mbele ya gari wakati huo ni mtoto aliyekaa kivulini mwake, au mama aliyepanga nyanya zake karibu na bampa.

Sasa tuitazame desturi ya kuegesha. Breki ya mkono ya gari lililozeeka haiaminiki. Kwa hiyo dereva mwangalifu, akisimama mteremkoni, hulitia gari gia kisha huizima injini, na utingo hushuka akaweka kabari au jiwe chini ya tairi. Ni desturi ya busara, na imeokoa magari mengi yasiingie mtaroni. Lakini ni desturi hiyohiyo inayoligeuza gari lenye kifaa hiki kuwa mtego. Mwandishi wa maelekezo aliyezoea gari la otomatiki hakulifikiria jambo hili, na mfasiri akiyafuata maneno yake moja kwa moja hatalifikiria pia. Atamwambia mtu aache gari katika "hali salama". Dereva wa njia ya Rondo akisoma hivyo, hali salama aijuayo yeye ni gari lililotiwa gia! Tafsiri itakuwa sahihi kwa kamusi, na itakuwa imemwagiza afanye jambo la hatari.

Hapa ndipo linapoingia neno la kwanza la kuhakikiwa, nalo ni "gia huru". Mfasiri wa ofisini akitafuta neno la hali ile ambayo injini haikuungana na magurudumu, hulikimbilia hili. Lina sura nzuri na linafuata sarufi. Kasoro yake ni kwamba linaifanya hali hiyo ionekane kuwa gia mojawapo miongoni mwa gia. Msomaji asiye na uzoefu atatazama kirungu cha fimbo ya gia aitafute, naye ataona namba 1 hadi 5 na herufi R, basi. Katika gari la manyuali hali hiyo kwa kawaida haikuandikwa popote, kwa kuwa si mahali pa kutia fimbo bali ni pale fimbo isipokuwa mahali. Madereva wao husema "fri": gari liko fri, ameteremka na fri. Neno hili limeenea na lina maana moja katika midomo yao, wala hatuoni sababu ya kulidharau. Lakini lina udhaifu katika maandishi, kwani nje ya gari "fri" ni kitu cha bure, na mtu anayejifunza udereva kwa kusoma hatalipata katika kamusi kwa maana hii.

Kiswahili kina njia ya tatu, na ajabu ni kwamba wanaotafuta istilahi hawaioni kwa sababu si nomino. Dereva humwambia mwanafunzi wake: "Toa gia." Ametia gia, ametoa gia, gari limo katika gia, gari halimo katika gia. Kitenzi kinasema lote linalotakiwa. Hakimfanyi msomaji atafute alama isiyokuwako, na kinabeba ndani yake tendo la mkono. Tena kinampa mwalimu nafasi ya kuongeza jaribio ambalo kila dereva hulifanya bila ya kufikiri: tikisa fimbo kushoto na kulia, ikienda kwa wepesi, gia imetoka. Kwa maoni yetu maelekezo yote ya kifaa hiki yaandikwe kwa "tia gia" na "toa gia", na "gia huru" libaki katika vitabu vya uhandisi, ambako msomaji wake anao mchoro wa giaboksi mbele yake.

Tutaambiwa kwamba kitenzi si istilahi, na kwamba Baraza huorodhesha majina. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, orodha za istilahi zimeandikwa kwa safu mbili, neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Na safu zikishapangwa hivyo, nomino hutafuta nomino. Lakini pwani hii yenyewe inatufundisha vingine. Usukani wa gari ni usukani wa chombo cha baharini. Neno lilipanda nchi kavu bila ya kikao. Msafiri wa basi la Kilwa husema gari limeng'oa nanga, ingawa halina nanga. Watu walichukua kutoka jahazini jina la kitu na pia tendo zima, kwa kuwa tendo ndilo walilolihitaji. Upande wa pili, mpango wa karanga wa Nachingwea, wa mwaka 1947 hadi 1951, uliotapakaza matrekta na malori kusini, ulikuwa na maneno ya Kiingereza karakanani mwake. Na hadi leo fundi wa Lindi husema gia, klachi, stata, plagi na rejeta. Nomino zilikuja na vyuma. Vitenzi havikuja navyo: kutia, kutoa, kukanyaga, kuachia, kupiga vilikuwa vyetu tangu hapo.

Neno la pili ni "kuwasha", nalo lina matatizo makubwa kuliko la kwanza kwa sababu hakuna anayelishuku. Tunawasha taa, tunawasha redio, tunawasha moto, tunawasha gari. "Gari linawaka" laweza kumaanisha kwamba injini inafanya kazi, na laweza kumfanya jirani akimbilie ndoo ya maji. Katika mazungumzo hakuna shida, macho huondoa utata. Katika karatasi ya ufungaji shida ipo, kwani kifaa hiki hufanya mambo matatu mbalimbali, kila moja kwa waya wake. Kwanza hupeleka umeme katika njia ya swichi, kama vile mtu aliyezungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi zikaonekana. Pili huzungusha stata. Tatu husikiliza kama injini imeshika, ili iachie stata isije ikasagika. Na katika gari la dizeli yapasa pia ingoje kidogo plagi za moto zipate joto kabla ya hatua ya pili. Mfasiri akiandika "huwasha" katika hatua zote tatu, fundi hatajua ni waya upi unaosemwa. Madereva wetu hawakosei hapa. Wao hufungua swichi, hupiga stata, na injini hushika au hukataa. Vitenzi vitatu vinavyotofautiana, vyote vya kawaida, na vyote vimekaa tu vikingoja kuandikwa.

Kuhusu klachi tutasema machache. Magari mengi ya manyuali ya miaka ya karibuni hayapigi stata mpaka klachi ikanyagwe. Kuna swichi ndogo kwenye kanyagio lake. Kifaa cha kuwashia kwa mbali hakina mguu, na kwa hiyo fundi huunganisha waya ili swichi hiyo irukwe. Huo ndio ulinzi wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji wa gari, na fundi anauondoa. Maelekezo ya Kiswahili hayana budi kulisema jambo hili kwa neno lenye uzito. "Kuunganisha swichi ya klachi", ambalo ndilo litakalomjia mfasiri kwanza, linaonyesha kwamba kitu kimeongezwa. Kilichotendeka ni kwamba kinga imeondolewa. Iandikwe hivyo: "kuondoa kinga ya klachi". Fundi akisoma "kuondoa kinga" atauliza ni kinga gani nyingine inayowekwa badala yake, na swali hilo ndilo tunalotaka aulize.

Kinga hiyo nyingine ipo, na ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika kifaa kizima. Kwa kuwa gari halijui kama limo katika gia, kifaa humlazimisha dereva kulithibitisha kila anapoegesha. Dereva husimama, huvuta breki ya mkono na kutoa gia huku injini ikiendelea kunguruma. Hutoa ufunguo, na injini haizimiki kwa kuwa kifaa kimeishikilia. Hushuka, hufunga milango, kisha huzima injini kwa rimoti. Injini iliyokuwa ikifanya kazi bila ya mtu ndani, na gari lisisogee, ndiyo hoja ya kwamba gia imetoka. Tangu hapo kifaa hukubali kuiwasha injini kwa mbali. Lakini mlango wowote ukifunguliwa, au breki ya mkono ikiachiwa, hukataa, kwa sababu yawezekana mtu ameingia na kutia gia.

Watengenezaji huupa utaratibu huu majina mbalimbali, na mengi hufasirika kuwa "hali ya tayari". Hatuyakubali. Tayari kwa nini? Utingo aliyeambiwa kwamba gari liko tayari atapakia magunia na kupanda. Tunapendekeza "idhini": dereva anapoegesha kwa kufuata taratibu huacha idhini ya kuwasha, na mlango ukifunguliwa idhini hiyo hufutika. Watumishi wa serikali wanalijua neno hili vizuri kuliko sisi. Wanajua kwamba idhini hutolewa na mtu, kwa jambo maalumu, na kwamba haihamishwi kwa mwingine. Sifa hiyo ya mwisho ina maana sana Rutamba, ambako gari moja huendeshwa na mwenyewe, dereva wake, mdogo wake, na siku ya mnada hata utingo hulisogeza.

Idhini nayo ina tundu, na mfasiri asilifiche. Kifaa huhesabu milango, hakihesabu madirisha. Kioo kikiachwa wazi, mkono wa mtoto waweza kuifikia fimbo ya gia na mlango usifunguke. Pikapu ambayo swichi za milango yake zimekufa, au Land Rover ya turubai, haiwezi kutoa idhini ya kweli. Katika magari hayo fundi hana budi kuongeza swichi kwenye fimbo ya gia yenyewe, itakayokata njia ya stata mpaka gia itoke. Asipoweza, aikatae kazi. Baadhi ya watengenezaji huandika wazi kwamba kifaa chao ni cha magari ya otomatiki tu. Sentensi hiyo katika karatasi nyingi huwa ndogo na huwa chini. Mfasiri ana haki, na sisi twasema ana wajibu, wa kuipandisha iwe ya kwanza.

Kuna jambo la moshi pia. Injini iliyowashwa kwa mbali ndani ya banda lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua. Tumewasikia wafasiri wakiiita hewa ukaa. Hilo ni kosa, kwani hewa ukaa limekwisha kupewa kaboni dioksidi, na katika vijiji vyenye misitu watu hulijua kwa habari ya biashara ya hewa ukaa, jambo linalotazamiwa kuleta fedha. Mtu hataogopa kitu anachotumaini kulipwa kwacho. Iandikwe "kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu", ingawa ni ndefu.

Na jina la kifaa chenyewe? Wapo watakaoona ajabu kwamba tumelichelewesha hadi hapa. Kwa rimoti wanaistilahi wamependekeza "kitenzambali", neno lililoundwa vizuri, ndugu wa kipaza sauti na kinasa sauti. Kwa kulifuata, "kiwashambali" lingefaa. Hatuna ugomvi nalo. Tunachoomba ni kwamba lisitumike kwa vitu viwili. Kilichomo mkononi ni rimoti, au kitenzambali kwa apendaye. Kilichofungwa chini ya dashibodi ndicho kiwashambali. Kompyuta imekwisha kupewa tarakilishi na ngamizi, na wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Hapajatokea mtu aliyejeruhiwa kwa sababu hiyo. Jina la kitu likiwa baya, watu hulizoea au hulitupa. Agizo likiwa baya, gari huondoka.

Limebaki suala la sarufi ya maagizo, na hapa lawama ni ya lugha ya ofisini. Tumezoea kuandika: "Gari lihakikishwe limeegeshwa ipasavyo." Lihakikishwe na nani? Kitenzi cha kutendwa humficha mtenda, na kila asomaye hudhani mwingine ameambiwa. Maelekezo ya kifaa hiki yamseme dereva ana kwa ana. Tunatoa hapa mfano wa kibandiko cha kuwekwa karibu na usukani, ili wenzetu waukosoe:

"Dereva: simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Toa gia, tikisa fimbo uhakikishe. Toa ufunguo huku injini ikifanya kazi. Funga vioo. Shuka, funga milango yote, kisha zima injini kwa rimoti. Ukifanya hivyo umeacha idhini ya kuwasha. Mlango wowote ukifunguliwa, idhini imefutika, anza upya. Kabla ya kubonyeza rimoti, litazame gari na walio karibu nalo, usipoliona, usiliwashe. Mteremkoni usitumie kifaa hiki: zima injini kwa ufunguo, tia gia, weka kabari."

Msomaji ataona kwamba tumeandika "imefutika", si "imefutwa". Hakuna mtu aliyeifuta. Mashine imeona mlango ukifunguka, ikaacha kukubali. Dereva akisoma "imefutwa" atamtafuta aliyefuta, na pengine atamshuku utingo. Ama sentensi ya mwisho, ya mteremko, ndiyo mchapaji atakayotaka kuikata kibandiko kikiwa kidogo. Akitaka nafasi, na akate jina la kifaa.